Nguzo za Bârlad

Bukareshti, 4 Machi 2003

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu najua nikikupigia simu utaniambia hali ya hewa ni nzuri na utakata. Umetunza nyaya za watu miaka thelathini na miwili, na enzi za udikteta ulijua nani alikuwa anasikiliza upande wa pili. Sikulaumu kwa kupenda bahasha.

Nimehamishwa. Sasa niko ghorofa ya nane, ofisi mpya ya mkakati. Tuko watu sita. Mkuu wetu ni Bwana Verhaegen, Mbelgiji aliyeletwa na wenye hisa wapya. Kazi yetu ni kuieleza bodi jinsi Kampuni itakavyoendelea kuishi, maana tangu Januari ukiritimba umekwisha na yeyote mwenye leseni anaruhusiwa kuuza simu. Zamani watu walitusubiri sisi. Sasa ni zamu yetu kuwafuata.

Ukutani tuna ramani ya Romania. Mji unaopoteza wateja umetiwa rangi nyekundu, na Bârlad imeiva kuliko yote. Kwingine mteja mmoja katika kumi ameondoka. Kwenu ni watatu. Bwana Verhaegen alidhani tumekosea hesabu. Nikamwambia mshindani wetu huko si kampuni kubwa, ni Steluța Gavrilescu aliyenifundisha hisabati darasa la saba, na ana mtandao wa intaneti wa kuunganisha majengo ya mtaani. Hakuamini.

Wewe ndiye mkuu wa mafundi wa laini hapo. Niambie ukweli, Baba. Mwalimu Steluța anatushindaje?

Mwanao,
Ruxandra


Bârlad, 17 Machi 2003

Mwanangu Ruxandra,

Marahaba. Barua yako imechukua siku tano kufika. Laini mpya ya simu hapa inachukua miaka minne, kwa hiyo posta bado wanatushinda.

Nitakujibu kwa habari ya Mama Profira, yule mjane wa jengo la 14, mlango B. Kila nikipanga foleni ya mkate ananikuta.

"Mzee Anghel, laini yangu lini?"

"Mama, umo kwenye orodha."

"Nimo kwenye orodha tangu mume wangu yu hai. Yeye amekufa, orodha haijafa."

Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, ningefanya nini? Binti yake anaosha wazee huko Torino, Italia, na ana mtoto ambaye bibi yake hajamwona. Mwezi wa kwanza Mama Profira alikwenda kwa Mwalimu Steluța siku ya Ijumaa. Jumamosi walikuja watu wawili, wakateremsha waya kutoka paani, wakaupitisha dirishani, wakamwekea kompyuta kuukuu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa anamwona mjukuu wake akila supu. Tangu siku hiyo hanisemeshi tena kwenye foleni. Heri angenitukana.

Kwetu ombi linaandikwa Bârlad, linakwenda mkoani Vaslui, kisha ofisi ya kanda Iași. Linatiwa saini na watu watano ambao hawajawahi kupanda nguzo, kisha linarudi kwa sababu muhuri mmoja umekosekana. Wao hawana mihuri. Siri yote ni hiyo.

Mama yako anasema ule vizuri. Nimewaambia jamaa kazini kwamba binti yangu ndiye anayepanga vita. Sandu Mocanu akasema basi mwaka huu tutapata gari jipya. Nimemwacha na ndoto yake.

Baba yako,
Anghel Ciobotaru


Bukareshti, 10 Juni 2003

Baba,

Shikamoo. Bwana Verhaegen aliagiza barua yako itafsiriwe yote. Alipofika kwa Mama Profira alivua miwani akacheka mpaka machozi. Maneno "Wao hawana mihuri" ameyaandika ubaoni kwa kalamu nyekundu, na kila anayeingia ofisini anayasoma. Alisema, "Huyu mzee ametufanyia kazi ambayo washauri wa London wangeifanya kwa miezi sita."

Sasa tunaandika mpango wenyewe. Naomba jambo dogo. Mko mafundi wangapi kwenye karakana, kila mmoja ana umri gani, na anajua nini hasa? Ni kwa ajili ya takwimu tu.

Ruxandra


Bârlad, 26 Juni 2003

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba kuna mtu huko juu anayetaka kujua majina yetu. Tangu niajiriwe hawajawahi kuuliza.

Tuko kumi na mmoja. Mimi, hamsini na saba, unanijua. Ilie Tofan, hamsini na nne, ndiye ramani yetu ya ardhini. Karatasi za nyaya za chini zililoa mwaka wa mafuriko, na tangu hapo tunamuuliza Ilie. Husimama njiani, huinamisha kichwa, husema "chimba hapa," na hakosei. Sandu Mocanu, hamsini na mmoja, anaunga nyaya mia mbili ndani ya kisanduku kimoja akiwa amevaa glavu, kwenye baridi ya Januari. Vasile Pintea, hamsini na tatu, ana mguu mbovu lakini hupanda nguzo kabla hujafunga kamba za viatu vyako. Wengine saba nimewaandika karatasi ya pili, kila mmoja na anachokiweza. Nimechukua jioni mbili. Usipoteze hiyo karatasi, kwa sababu sina nakala.

Mwambie bosi wako kwamba kwa watu hawa na ruhusa ya kufanya kazi bila kuuliza Iași, tungeweka laini mia moja kwa mwezi.

Anghel


Bukareshti, 15 Septemba 2003

Baba,

Shikamoo. Sitaweza kuja kuvuna zabibu mwaka huu, kazi ni nyingi. Mpango umekwenda kwa bodi, na bado hatujui wataamua nini. Mwambie Mama asinitumie divai mpya kwa posta, chupa ya mwaka jana ilimwagikia barua za watu.

Baba, umewahi kufikiria kustaafu mapema? Nauliza tu.

Ruxandra


Bârlad, 3 Oktoba 2003

Ruxandra,

Jana saa nne asubuhi tuliletewa bahasha kutoka makao makuu. Nilizigawa mimi mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye mkuu. Katika mafundi kumi na mmoja, saba wameondolewa kuanzia mwisho wa mwezi. Ni wote waliovuka hamsini, isipokuwa mmoja.

Mimi nina hamsini na saba. Nani aliniruka?

Ndani ya kila bahasha kulikuwa na ukurasa wa mpango, na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Imeandaliwa na R. Ciobotaru." Ilie hasomi herufi ndogo. Sandu anasoma. Akauliza, "Mzee, huyu R. Ciobotaru ni nani?" Nikasema majina yanafanana, akina Ciobotaru tumejaa eneo lote hili la Moldova. Akanitazama, akakunja karatasi, akaiweka mfukoni.

Nilidanganya mbele ya watu ambao nimekula nao chumvi miaka thelathini. Ulisema ni kwa ajili ya takwimu.

Anghel Ciobotaru


Bukareshti, 9 Oktoba 2003

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaipokea.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Mpango wangu ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisema tupunguze gharama za makarakana. Ya pili ilisema fedha itakayopatikana tuinunulie mitandao midogo kama ya Mwalimu Steluța, na mafundi wa zamani wapewe mafunzo wakaitunze. Bodi ilipitisha ya kwanza na ikaahirisha ya pili. Jina langu halikuahirishwa, likabaki palepale.

Lakini sitajificha nyuma ya bodi. Safu ya umri niliijaza mimi, kwa kutumia karatasi yako ya pili. Nilijua uamuzi tangu mwisho wa Julai, na nikakuandikia habari za divai. Na ni mimi niliyekuruka. Mbele ya jina lako niliandika "hana mbadala." Ningeweza kuandika hivyo mbele ya Ilie, na ingekuwa kweli zaidi. Sikuandika.

Sijui niombe nini. Nitakuja ukiniruhusu.

Ruxandra


Bukareshti, 16 Februari 2004
Kumb. MK/118

Kwa: Msimamizi wa Laini, Karakana ya Bârlad
Yah: NYAYA ZISIZO ZA KAMPUNI KWENYE NGUZO ZA KAMPUNI

Imebainika kwamba katika miji kadhaa, mitandao ya mitaani imetundika nyaya zake kwenye nguzo zetu bila kibali wala malipo. Ofisi ya Mkakati inaamini kwamba hii ndiyo sababu kubwa ya wao kuuza huduma kwa bei ambayo Kampuni haiwezi kuifikia. Unaagizwa kukagua nguzo zote za eneo lako, kukata nyaya hizo, na kuleta taarifa ndani ya siku kumi na nne.

R. Ciobotaru
kwa niaba ya Mkuu wa Mkakati

(Kwa mkono, chini ya ukurasa: Baba, miezi minne hujaniandikia. Mama ananiambia unaumwa mgongo.)


Bârlad, 1 Machi 2004

Kwa: Ofisi ya Mkakati, Makao Makuu
Yah: BARUA YENU MK/118

Nguzo 2,140 zimekaguliwa. Hakuna waya wa mtu mwingine.

A. Ciobotaru
Msimamizi

(Kwa mkono: Mgongo umepona.)


Bukareshti, Kituo cha Kaskazini, 11 Machi 2004

Baba,

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha treni, na nitatia barua hii kwenye sanduku la hapa, si la ofisini.

Bwana Verhaegen ana picha. Imepigwa na mkaguzi wa Iași aliyepita Bârlad kwa shughuli nyingine. Ni nguzo yetu, ile iliyo mbele ya soko, yenye kibao chetu na namba yetu, na juu yake nyaya nyeusi sita ambazo si zetu. Zimefungwa kwa fundo. Nikalitazama lile fundo. Utotoni ulinifundisha kulifunga kwa kamba ya kuanikia nguo.

Bwana Verhaegen aliweka taarifa yako kando ya picha, akaniuliza, "Huyu ni ndugu yako?" Nikasema ni baba yangu. Akasema, "Basi kesi hii haikuhusu tena."

Mkaguzi anakuja tarehe 22. Una siku kumi na moja. Wakijua nimekwambia, nitafukuzwa. Nimeamua kukwambia. Usiijibu barua hii.

R.


Bârlad, 2 Aprili 2004

Mwanangu,

Ulisema nisikujibu, lakini mambo yamekwisha, kwa hiyo nakujibu.

Mkaguzi alikuja, mtu mpole, anaitwa Bwana Dobrotă. Sikusubiri atafute. Nilimpa chai, nikamchukua kwa miguu, nikamwonyesha nguzo moja baada ya nyingine. Sokoni, mtaa wa hospitali, nyuma ya kiwanda cha beringi, kote. Alikuwa anaandika, mwishowe akachoka kuandika.

"Nani aliyezitundika?"

"Za kwanza nilizitundika mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu 2001."

"Kwa malipo gani?"

"Bure. Mwalimu aliniomba ngazi, nikampa na nguzo."

Hakuamini kwamba ni bure. Akaniambia nizikate mbele yake na ataandika kwamba nimeshirikiana. Nikamwambia hivi, neno kwa neno: "Bwana mkubwa, wale saba mliowafukuza, sita wanafanya kazi kwa Mwalimu sasa. Mnataka niwapandishe watatu waliobaki wakakate mkate wa wenzao. Ngazi hii hapa. Kata wewe." Akaitazama ngazi. Ilikuwa na theluji bado kwenye vipago. Akasema ana familia. Nikamwambia sisi sote tunazo.

Nimefukuzwa bila kiinua mgongo cha ziada. Nilistahili. Nilisaini uongo.

Sasa nataka ulisome hili taratibu. Mwaka jana uliniuliza Mwalimu anatushindaje, nami nikakwambia ni mihuri. Ilikuwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba alikuwa anasimama juu ya nguzo zetu bure, na mafundi wetu wenyewe walikuwa wanamsaidia Jumamosi, kwa sababu tulichoka kuwaona kina Mama Profira wakizeeka kwenye orodha. Sikukwambia, kwa kuogopa kazi yangu. Wewe ukachukua nusu yangu ukaipeleka kwa bodi. Wakaona mtu mwenye watu wawili anatushinda sisi wenye kumi na mmoja, wakasema basi kumi na mmoja ni wengi mno. Lakini hakuwa na watu wawili. Alikuwa na kumi na watatu.

Nimekaa na jambo hili tangu Oktoba, na ndiyo maana sikuandika. Nilikuwa nakukasirikia wewe kwa sababu kujikasirikia mwenyewe kulikuwa kugumu zaidi. Ile safu ya umri uliijaza wewe, na hilo ni lako. Lakini hesabu mbovu nilikupa mimi.

Nimekwenda kwa Sandu na Ilie, nikawaeleza yote, na kwamba R. ni nani. Ilie alinimiminia glasi. Sandu alisimama akatoka nje.

Jumatatu naanza kazi kwa Mwalimu Steluța. Nina miaka hamsini na nane, na mkuu wangu ni mwanamke aliyewahi kukupa sifuri.

Baba yako,
Anghel


Bukareshti, 18 Oktoba 2005

Baba,

Shikamoo. Tumezoea kuongea mambo madogo kwa simu, lakini hili nimeona lije kwa bahasha.

Unakumbuka Juni mwaka jana Kampuni ilileta wakandarasi kutoka Iași wakazikata nyaya zenu kwa siku mbili. Uliniambia mlizihamishia zote mapaani ndani ya siku tano. Nikwambie kilichotokea huku. Mwezi uliofuata watu mia tisa wa Bârlad walirudisha simu zetu za mezani, hata wasiokuwa na intaneti yenu. Wakauliza tu, "Hawa ndio waliokata?" Ramani ikawa nyekundu mpaka Vaslui na Huși. Bwana Verhaegen aliondoka majira ya kuchipua. Aliniachia ule ubao, maneno yako kuhusu mihuri yakiwa bado juu yake.

Mkuu mpya ni Bi Zamfir, aliyewahi kuwa fundi wa mitambo Brașov. Aliuliza, "Nani hapa aliwahi kukosea kuhusu Bârlad?" Wenzangu wote wakatazama meza. Nikanyoosha mkono. Akasema, "Basi andika wewe."

Nimeandika. Tuache kupigana na mitandao ya mitaani juu ya nguzo, tuwakodishie. Nguzo ndizo kitu tulicho nacho na wao hawana, na tumekuwa tukizitumia kama fimbo. Bei iwe moja kwa kila mmoja, itangazwe wazi. Na makarakana yawe na uamuzi wao, bila Iași. Safari hii nimeweka jina langu lote, na juu ya ukurasa. Bodi imepitisha. Imenituma nianze na nyinyi, na niulize pia kama Mwalimu anauza.

Nitafika Alhamisi tarehe 27, saa tano. Mezani nikuite nani?

Ruxandra


Bârlad, 6 Novemba 2005

Mwanangu,

Marahaba. Ulinikuta mezani, ukaniita Bwana Ciobotaru, ukakataa kushusha bei mpaka nilipopiga meza. Mwalimu Steluța alisema baadaye kwamba sifuri ile ilikusaidia. Ulipouliza kama anauza mtandao, nilidhani atajibu kwa hasira. Akasema tu hapana, akakumiminia kahawa, na wewe ukaandika "hapana" bila kubishana. Nilipenda hilo.

Sandu hakukupa mkono. Niliona ulivyouacha mkono wako hewani kwa muda, kisha ukaurudisha. Sitamlazimisha. Ilie naye alikupeleka nje akakuonyesha nyaya za chini zinapopita, na umezichora zote kwenye daftari, saa tatu nzima kwenye matope na viatu vya mjini. Ndiyo ramani ya kwanza tangu mafuriko. Jana Ilie aliniambia, "Ana mkono mzuri wa kuchora." Kwa Ilie hayo ni maneno mengi.

Sasa habari za kazi. Mkataba umefika ukiwa na saini, na una mihuri miwili tu. Tunaanza kutundika Jumanne mtaa wa hospitali. Nguzo kumi na nne upande huo zimeoza chini, nimeziweka alama ya chaki. Ni zenu, na kwa mujibu wa kifungu cha sita mnatakiwa kuzibadilisha kabla ya theluji. Usinitumie mtu wa kuandika taarifa. Tuma nguzo.

Mama yako anataka kujua kama utakuja Krismasi. Nimemwambia akuulize mwenyewe, maana mimi niko upande wa pili wa mkataba. Akaniambia niache ujinga niandike. Basi njoo. Chumba chako tumekiwekea mitambo miwili ya mtandao, kwa sababu ndicho kilicho karibu na paa, lakini kitanda sikukigusa. Mitambo inavuma usiku kucha, na inakipa chumba joto kuliko jiko. Utazoea.

Baba yako,
Anghel